Konfleksi Nje ya Bakuli la Maziwa: Mwongozo Kamili wa Jikoni

Nyumbani kwetu boksi jipya la konfleksi lina siku tatu za umaarufu. Siku ya nne watoto wameshalichoka, wanadai chapati na chai, na boksi linapandishwa juu ya friji. Huko linakutana na hewa ya Dar es Salaam. Baada ya wiki mbili ukitia kipande mdomoni hakilii kachu tena. Kinavutika kama karatasi iliyolowa. Kwa miaka mingi nilikuwa nawamwagia kuku wa jirani. Leo boksi hilohilo linanitolea kuku wa kuoka, katlesi, chevda ya wiki nzima na biskuti za Idi, na mara nyingine nalinunua bila hata kumwonyesha mtoto.

Nilichojifunza ni kitu kimoja tu, na mapishi yote ya hapa chini yanakizunguka: konfleksi ni kiungo kikavu, na adui yake ni maji. Ukijua maji yanaingia wapi na saa ngapi, umeshamaliza nusu ya kazi.

Kwanza ujue unachoshika

Konfleksi ni mahindi yaliyokobolewa na kuvunjwa, yakapikwa kwa mvuke pamoja na sukari, chumvi na kimea cha shayiri, yakakaushwa kiasi, yakabanwa kati ya magurudumu mazito ya chuma mpaka yakawa bapa, kisha yakaokwa kwa moto mkali. Chanzo chake ni uzembe wa jikoni. Huko Battle Creek, jimbo la Michigan nchini Marekani, daktari John Harvey Kellogg na mdogo wake Will Keith Kellogg walikuwa wakiendesha nyumba ya tiba yenye misingi ya Kiadventista, wagonjwa wakilishwa nafaka badala ya nyama. Mwaka 1894 ngano waliyoichemsha ikaachwa ikapitiliza muda. Walipoibana haikutoka bamba moja kama walivyotarajia, ikatoka vipande vipande. Wakavioka, wagonjwa wakavipenda. Mahindi yalifuata baadaye, na mwaka 1906 Will akafungua kampuni yake. Ndugu hao wawili hawakuelewana kabisa kuhusu kutia sukari. Will alitia, na ndiye aliyeuza.

Nimeleta habari hiyo kwa sababu inakuambia mambo mawili ya kazi. Konfleksi zimeshaiva na zimeshaokwa, kwa hiyo moto wako ni wa kuzipasha na kuzipa rangi tu. Na kwa kuwa zina sukari ndani, zinaungua upesi kuliko chenga za mkate. Wanaolalamika kwamba kuku wao wa konfleksi ametoka mweusi nje na mbichi ndani walisahau hilo.

Ukienda kununua, chukua za kawaida, zisizopakwa sukari wala asali. Zile tamu ni za bakuli la maziwa. Ukizitia kwenye mafuta zinakuwa lami. Bei rahisi haina ubaya kwa mapishi, ila shika boksi ulitikise: likilia kama mchanga, vipande vimevunjika sana njiani, na kwa chevda havitakufaa. Kwa kuku ni sawa tu, si utavivunja mwenyewe? Kama nyumbani kuna mtu ambaye ngano na shayiri zinamdhuru tumbo, soma upande wa boksi. Mahindi hayana shida kwake, lakini kile kimea cha shayiri kinayo.

Vipimo vyangu vyote ni vya kikombe cha mililita 250. Kikombe kimoja cha konfleksi nzima kina uzito wa gramu 30 hivi.

Kuzifufua zilizolegea

Zisitupwe. Kama hazinuki mafuta yaliyoharibika na hazina wadudu, kilichoingia ni unyevu wa hewa tu, na unatoka.

Washa oveni nyuzi 150. Tandaza konfleksi kwenye trei, zisipandane. Ziache dakika 5 hadi 8, ukizigeuza mara moja. Zikitoka bado zitaonekana laini, usiogope. Ukavu unakuja zikipoa. Huna oveni? Kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, koroga polepole kwa mwiko dakika 4 au 5. Ukiwa na jiko la mkaa, subiri makaa yaingie jivu.

Kosa linalofanyika hapa ni haraka. Mtu anazitoa kwenye moto anazimimina kwenye kopo zikiwa na joto na anafunika. Ule mvuke unakosa pa kwenda, unarudi kulekule ulikotoka. Ziache wazi dakika 20, ndipo uzifungie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Kopo likae mbali na jiko, na mbali na birika. Juu ya friji pia si mahali pake, ingawa sote ndipo tunapoweka.

Kuzivunja, kwa kiwango unachotaka

Tia konfleksi kwenye mfuko safi wa plastiki, toa hewa, ufunge mdomo, kisha pitisha kifimbo cha kusukumia chapati juu yake. Blenda inafaa ukitaka unga tu. Ukitaka chenga inakupita. Unabonyeza swichi mara moja, nusu imeshakuwa vumbi.

Kuna viwango vitatu. Vipande vya ukubwa wa punje ya mchele ni vya kuku, maana kuku hukaa sana motoni na anahitaji ganda nene. Chenga ndogo kama semolina ni za samaki na katlesi. Unga laini ni wa kushikanisha kima na kutengenezea kitako cha keki. Kukadiria: vikombe 3 vya konfleksi nzima hutoa karibu kikombe 1 cha chenga, pungufu kidogo.

Kuku wa konfleksi

Hili ndilo pishi lililonifanya niheshimu boksi. Na ndilo lililonifedhehesha, lakini nitafika huko.

Kwa watu 4 au 5 chukua kilo 1 ya mapaja ya kuku wa kisasa, kikombe 1 cha maziwa mgando au mtindi usio na sukari, ndimu 1, kijiko cha chakula 1 cha kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, kijiko cha chai 1 na nusu cha chumvi, kijiko cha chai 1 cha pilipili manga, na nusu kijiko cha chai cha manjano. Pilipili ya kuwasha ni shauri yako. Weka pembeni nusu kikombe cha unga wa ngano, mayai 2, konfleksi vikombe 6, na mafuta ya kupikia vijiko vya chakula 3.

Osha kuku, mchuje, mchanje mara mbili kila kipande mpaka karibu na mfupa. Changanya mtindi na ndimu na viungo vyote, mlaze humo kwenye friji saa 4 au usiku kucha. Chumvi yote ya nyama iingie hapa. Ukiingoja kwenye ganda, nyama itakuwa doro, kwa sababu lile ganda lina chumvi yake kidogo lakini halimpi kuku chochote.

Ukikaribia kupika, mtoe kwenye mtindi na umkung'ute. Panga sahani tatu: unga, mayai yaliyopigwa na chumvi kidogo, konfleksi zilizovunjwa. Kipande kiingie kwenye unga, ukipukute. Kiingie kwenye yai, kichuruzike. Kilale kwenye konfleksi na ukikandamize kwa kiganja. Kandamiza kwelikweli, usinyunyize. Mkono mmoja uwe wa majimaji na mwingine wa vikavu, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyokuwa vinono kuliko kuku. Unga una kazi yake, usiuruke: unakunywa maji ya juu ya ngozi, na yai linapata pa kushika.

Vipande vyote vikishavikwa, vipumzike kwenye friji dakika 20 bila kufunikwa. Ganda litashika, halitaporomoka.

Sasa moto. Njia ya kwanza ni oveni, nyuzi 200. Weka wavu juu ya trei, panga kuku juu ya wavu, nyunyizia yale mafuta, uoke dakika 40 hadi 45. Wavu una maana, kwa sababu kuku akilala moja kwa moja kwenye trei, upande wa chini unachemka kwenye maji yake mwenyewe. Kama huna, mgeuze kwa upole dakika ya 25. Ukiona rangi inakimbia, shusha moto hadi 180. Ukichoma karibu na mfupa maji yatoke meupe bila damu, na mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 74.

Njia ya pili ni ya mafuta mengi, na hapa nakuomba usifuate Wamarekani wanaotia kuku mbichi kwenye mafuta. Sisi tumezoea kumchemsha kuku kabla ya kumkaanga, na kwa konfleksi mazoea hayo ndiyo dawa. Acha mtindi. Mchemshe na viungo, ndimu na maji kidogo mpaka aive na supu ikauke, mpoze, mfute kwa tishu awe mkavu kau, ndipo umvike unga, yai na konfleksi. Kwenye mafuta anahitaji dakika 3 au 4 tu za kupata rangi, na konfleksi haziungui. Kuku wa kienyeji hana njia nyingine zaidi ya hii; ukimpeleka oveni moja kwa moja, mtabishana naye mezani.

Kupima mafuta bila kipimajoto, tupia kipande kimoja cha konfleksi. Kikizama kikatulia, bado. Kikielea kwa povu dogodogo na kubaki cha dhahabu, anza. Kikiwa cheusi kabla hujahesabu kumi, ondoa sufuria motoni upumzike. Mwenye kipimajoto alenge nyuzi 170.

Sasa ile fedheha. Mwaka wa kwanza nilivika kuku kilo tatu kwa ajili ya futari ya wageni. Wakatoka wanang'aa, wanalia kachu ukiwagonga kwa uma. Saa kumi na moja nikawapanga kwenye hotipoti ili wakae na moto mpaka magharibi. Adhana ikalia, nikafunua. Maganda yote yameteleza yamelala chini kama nguo zilizovuliwa. Mamdogo wangu, ambaye hana breki za mdomo, akaniuliza kama ni kuku au ni uji wa kuku.

Hotipoti ni kaburi la kitu chochote cha konfleksi. Kuku wa moto anatoa mvuke, mfuniko unaurudisha, basi. Akitoka motoni mweke kwenye wavu, si kwenye tishu wala sahani, na asifunikwe. Ukitaka kumpika mapema, mwache apoe wazi, kisha mrudishe oveni nyuzi 190 kwa dakika 10 wageni wakiwa wanakunywa uji. Na mchuzi au chatne ikae kwenye kibakuli chake.

Samaki na katlesi

Samaki ni rahisi kuliko kuku, maana anaiva upesi. Tumia minofu isiyo na miiba mingi: nguru, kolekole, changu mkubwa, sangara kwa walio kanda ya ziwa. Kata unene wa kidole, paka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, subiri robo saa. Chumvi na ndimu zitamtoa maji, na hayo maji uyafute yote. Wengi wanakwama hapa tu: samaki aliyelowa anavishwa, na ganda linavimba na kudondoka. Unga, yai, chenga ndogo, mafuta yasiyofurika, dakika 3 kila upande. Ukikata vijiti virefu, watoto wasiokula samaki watakula wakidhani ni chipsi za aina mpya.

Katlesi mnazijua. Viazi vilivyopondwa, kima iliyokaushwa na viungo na kotmiri, mviringo, yai, mafuta. Badala ya kumaliza na yai tupu au chenga za mkate, malizia na chenga za konfleksi. Viazi uvichemshe na maganda, uvimenye, uvirudishe kwenye sufuria kavu dakika 2 vitoe mvuke. Kiazi chenye maji ndani kitalegeza ganda kabla hujafika mezani. Zikishavikwa unaweza kuzigandisha kwenye friza, zikikaangwa zitoke friza ziende mafutani moja kwa moja. Ukisubiri ziyeyuke, zinatokwa na jasho na ganda linaharibika.

Chevda

Hapa konfleksi ziko nyumbani. Kila mtu aliyekulia Dar, Unguja, Tanga au Mombasa ameonja chevda ya Kihindi, ule mchanganyiko wa chumvi, tamu na pilipili unaouzwa kwa vipimo dukani. Uangalie jambo moja: kwenye maduka ya Kihindi kuna vipande vya mahindi vinavyoitwa makai poha. Vinafanana na konfleksi, lakini ni vigumu na vibichi, navyo lazima vikaangwe kwenye mafuta mengi vifure. Konfleksi za boksi hazitaki hivyo. Ukizitumbukiza kwenye mafuta mengi zinanyonya na kuungua ndani ya sekunde chache.

Kwa kopo moja kubwa:

konfleksi vikombe 6, nzima, zisizolegea
karanga mbichi kikombe 1
korosho nusu kikombe
zabibu kavu robo kikombe
nazi kavu iliyokatwa vipande vyembamba, robo kikombe
majani ya kari, matawi 2
haradali kijiko cha chai 1, bizari nyembamba kijiko cha chai 1
pilipili mbichi 2, zilizokatwa vipande vyembamba
mvuje, chembe ya kubana kwa vidole viwili
manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga nusu kijiko cha chai
chumvi kijiko cha chai 1
sukari ya unga vijiko vya chakula 2
ndimu ya unga robo kijiko cha chai
mafuta vijiko vya chakula 4

Majani ya kari yaoshwe jana yake, yakauke. Tone moja la maji kwenye mafuta ya moto litakurukia usoni, na lile litakalobaki kwenye jani litaingia kwenye chevda.

Weka karai pana kwenye moto wa kiasi, tia mafuta. Anza na karanga, uzigeuze mpaka zianze kubadilika rangi na kutoa harufu, dakika 4 au 5. Fuatisha korosho, dakika 2. Kisha nazi, mpaka kingo ziwe kahawia. Mwisho zabibu, sekunde chache tu hadi zivimbe. Toa vyote kwa mwiko wa matundu, uache mafuta ndani. Usivitie kwa pamoja ili kuokoa muda; korosho itaungua karanga ikiwa mbichi.

Kwenye mafuta yaliyobaki tia haradali. Ikianza kupasuka, tia bizari, pilipili mbichi na majani ya kari. Acha mpaka pilipili na majani viwe vikavu vya kuvunjika, usiviogope, ukihimiza hapa chevda nzima italegea siku ya pili. Punguza moto kabisa. Tia mvuje, manjano na pilipili ya unga, ugeuze mara mbili, na mara moja mimina konfleksi.

Sasa polepole. Pitisha mwiko chini na kuinua juu, kama unavyogeuza pilau usiyotaka ivunjike, mpaka kila kipande kipate manjano. Dakika 5 kwa moto mdogo. Ndipo urudishe karanga na wenzake. Zima jiko. Nyunyiza chumvi, sukari ya unga na ndimu ya unga, ugeuze kwa mara ya mwisho.

Kwa nini ndimu ya unga na si ndimu yenyewe? Nadhani umeshajibu. Na sukari iwe ya unga kwa sababu ile ya punje haishiki, inakusanyika chini ya kopo na mtu wa mwisho anakula sukari. Viungo vikavu huingia chevda ikiwa bado na joto, maana mafuta yakipoa hayashiki kitu.

Tandaza kwenye trei ipoe kabisa, nusu saa au zaidi, ndipo uifunge. Ikifungwa vizuri inakaa wiki mbili. Hiyo ni nadharia. Kwetu haijawahi kuvuka siku tano.

Vitu vitamu

Vikombe vya asali. Ni pishi la sherehe za watoto huko Australia, na asali yetu ya Tabora inalifaa kuliko mtu angedhani. Yeyusha siagi gramu 90, sukari theluthi ya kikombe na asali kijiko cha chakula 1 kwenye sufuria ndogo mpaka povu lianze. Iondoe motoni, changanya na konfleksi vikombe 4. Gawa kwenye karatasi ndogo za keki, uoke nyuzi 150 kwa dakika 10. Zikitoka zitakuwa laini na zitaachana ukizigusa. Usiziguse. Zikipoa zinashikana. Usiongeze asali ukidhani unanogesha, kwa sababu asali inavuta unyevu wa hewani, na ikizidi vikombe vitakuwa vinanata siku hiyohiyo.

Za chokoleti hazihitaji oveni: chokoleti gramu 100, siagi gramu 50, asali vijiko vya chakula 3, viyeyushwe juu ya maji ya moto kisha vichanganywe na konfleksi gramu 100, zigandishwe kwenye friji. Pwani zisitoke kwenye friji mpaka mgeni ameketi.

Marekani kuna vitafunwa vya jamii hii vinavyotengenezwa kwa mchele uliofurishwa na pipi laini za mashimelo, vilivyobuniwa mwaka 1939 na Mildred Day na Malitta Jensen kwenye jiko la kampuni ya Kellogg. Vinaigika kwa konfleksi. Ila mashimelo hushikanishwa kwa jelatini, na jelatini nyingi hutoka kwa nguruwe, hivyo anayejali atafute yenye alama ya halali au abaki na asali.

Biskuti za Idi. Piga siagi laini gramu 125 na sukari gramu 100 mpaka ziwe nyeupe. Tia yai 1, iliki ya unga nusu kijiko cha chai na vanila kidogo. Changanya unga wa ngano gramu 200 na bekingi poda kijiko cha chai 1 na nusu, ukande kwa vidole tu. Finyanga vidonge vya ukubwa mara mbili ya kokwa la tende kubwa, uviringishe kwenye konfleksi zilizovunjwa kwa mkono, uoke nyuzi 180 dakika 12 hadi 15. Juu ya kila kimoja mimi natia nusu ya cheri nyekundu, kwa sababu mama alikuwa anatia. Sina sababu nyingine.

Kwenye kastadi, saladi ya matunda, mtindi au faluda, konfleksi huwekwa mezani kwenye bakuli lake, kila mtu anyunyize mwenyewe. Zimebaki dakika chache za uhai tangu ziguse maji.

Pale unapotaka zilowe

Kuna kazi chache ambazo ulegevu ni mtaji. Unga wa konfleksi hunywa maji vizuri, kwa hiyo kababu za kima zinazovunjikavunjika kwenye mafuta uzitie vijiko vya chakula 3 vya unga huo kwa nusu kilo ya kima na yai moja, uziache dakika 15 kabla ya kufinyanga. Zilizolegea kwenye boksi zinafaa kabisa, ila zikaushe kwanza ili zisagike. Kitako cha chizikeki nacho ni hivyohivyo: unga gramu 120, siagi iliyoyeyuka gramu 60, ukandamize kwenye bati na uoke nyuzi 180 kwa dakika 10.

Ninachokipenda zaidi ni maziwa ya konfleksi. Mpishi wa keki Christina Tosi aliyafanya kuwa bidhaa kwenye duka lake la Milk Bar jijini New York, lakini kila mtoto aliyewahi kunywa maziwa yaliyobaki chini ya bakuli alishayagundua kabla yake. Oka konfleksi gramu 100 kwa nyuzi 150, dakika 15, mpaka zinukie. Zipoe. Zimwagie maziwa baridi lita 1, uache dakika 20, si zaidi, yasije yakawa uji. Chuja kwa chujio, kamua kwa upole. Tia sukari vijiko vya chakula 2 na chembe ya chumvi, ukoroge.

Yanapikia kastadi. Yanafaa kwa chai ya maziwa, ukipenda. Mimi nayamimina kwenye vile vimifuko virefu vya barafu, nafunga fundo na kuviweka friza usiku. Watoto walewale walioliacha boksi siku ya nne huja kugombania, na hakuna anayeuliza zimetengenezwa na nini.